Ripoti ya utendaji mbele ya kamati ya bunge: inamfaa mjumbe kwa kiasi gani?

Ripoti ya utendaji ambayo idara ya serikali huiwasilisha kila mwaka kwenye kamati ya bunge inayoisimamia ni huduma kama huduma nyingine: ina mtoaji, ina mtumiaji, na gharama zake hubebwa na mlipakodi. Nimeipima kwa jicho la mjumbe wa kamati mwenye idara kadhaa za kufuatilia, watafiti wachache wa kumsaidia, na siku chache za kusoma kabla ya kikao. Kwa mtumiaji wa namna hiyo naipa alama mbili kati ya tano, ingawa sehemu yake moja, ambayo kwa bahati haiandikwi na idara yenyewe, inastahili nne.

Kuhusu sura ya nje sina mengi ya kusema. Chapa ni nzuri, picha za uzinduzi wa miradi ni nyingi, na dibaji ya waziri inaweza kurukwa bila hasara yoyote.

Kiini cha ripoti ni jedwali la malengo, na ndilo ninaloshauri lisomwe kwanza. Safu zake ni zilezile karibu kila mahali: kiashiria, shabaha ya mwaka, kilichofikiwa, tofauti, na sababu ya tofauti. Tuchukue mfano wa kubuni wa idara inayotoa leseni. Mstari wa kwanza unasema shabaha ilikuwa kuendesha warsha 12, zimeendeshwa 12, utekelezaji asilimia 100. Mistari saba inayofuata inafanana na huo: miongozo imechapishwa, vikao vimefanyika, magari yamenunuliwa. Mstari wa tisa unasema shabaha ilikuwa kutoa leseni ndani ya siku 14 na muda halisi umekuwa siku 31, na wa kumi unaonyesha kuwa malalamiko ya waombaji hayakupungua kama ilivyopangwa. Idara inajumlisha shabaha nane kati ya kumi na kutangaza katika muhtasari wake kwamba imetekeleza mpango kwa asilimia 80. Hesabu hiyo ni sahihi kabisa, na bado mwananchi anayesubiri leseni yake hajapata alichoahidiwa, kwa sababu shabaha ya warsha imepewa uzito uleule wa kazi ambayo idara iliundwa kuifanya. Kwenye safu ya sababu mjumbe anakuta maneno matatu tu, "ufinyu wa bajeti", hata pale ambapo fedha zilizotengwa zilitolewa zote.

Kasoro ya pili ni ngumu zaidi kuiona, kwa kuwa haipo ndani ya ripoti moja. Kiashiria kilichofanya vibaya mwaka uliopita huondolewa kimyakimya au huandikwa upya, muda wa kutoa leseni ukageuka kuwa idadi ya leseni zilizotolewa, na mfululizo wa takwimu unakatika pale hasa ambapo ungeanza kueleza jambo. Dawa yake ni kuilazimisha idara itaje shabaha zake mapema na hadharani. Marekani ilifanya hivyo kwa sheria ya mwaka 1993, iliyoyataka mashirika ya serikali kuu kuandaa mpango mkakati, mpango wa utendaji wa kila mwaka na ripoti inayopimwa dhidi ya mpango huo; marekebisho ya mwaka 2010 yakaongeza mapitio ya kila robo mwaka kwa malengo ya kipaumbele. Mjumbe anayeweka mpango na ripoti sambamba mezani anaona mara moja kiashiria kilichopotea njiani, jambo ambalo msomaji wa ripoti peke yake hawezi kuligundua.

Sehemu ninayoipa alama nne ni taarifa ya mkaguzi, hasa pale ambapo ukaguzi hauishii kwenye hesabu za fedha. Nchini Afrika Kusini, Sheria ya Ukaguzi wa Umma ya mwaka 2004 inamtaka Mkaguzi Mkuu ashughulikie pia taarifa ambazo idara hutoa kuhusu malengo iliyojiwekea. Ukaguzi huo huangalia kama viashiria vina manufaa na kama takwimu zinaaminika, maana yake kuna nyaraka za kuthibitisha kile kilichoandikwa. Idara inaweza kupata hati safi kwa hesabu zake huku takwimu zake za utendaji zikikosa ushahidi, na kurasa hizo chache ndizo zitakazompa mjumbe maswali yenye makali.

Kikao chenyewe hutegemea sana nani anaketi mbele ya kamati. Utaratibu wa Uingereza, ambako Kamati ya Hesabu za Serikali imekuwapo tangu mwaka 1861, una faida mbili: anayehojiwa kwa kawaida ni Afisa Masuuli anayewajibika kwa matumizi, na mwenyekiti kwa desturi hutoka upinzani. Kinachoharibu vikao vingi ni wasilisho. Afisa anasoma slaidi ambazo wajumbe walizipokea asubuhi hiyohiyo, maofisa walioketi nyuma wanampitishia vikaratasi, na swali linapobana linaahidiwa majibu ya maandishi. Wasilisho lingefutwa kabisa, muda wote ukabaki wa maswali, nisingelalamika.

Jambo linalokosekana zaidi ni hesabu ya yaliyoagizwa na kamati mwaka uliotangulia. Nchini India, serikali hutakiwa kuieleza Kamati ya Hesabu ndani ya miezi sita hatua ilizochukua kuhusu mapendekezo, na kamati huyapitia majibu hayo na kuyatolea ripoti nyingine. Bila ratiba ya namna hiyo, ripoti ya idara huweka kila agizo kwenye kundi la "utekelezaji unaendelea", na mwaka unaofuata maneno hayo hunakiliwa yalivyo. Jedwali la ukurasa mmoja lingetosha: agizo, tarehe lilipotolewa, cheo cha anayelishughulikia, tarehe ya kukamilika, na ushahidi uliopo. Agizo lililopitwa na tarehe mbili za kukamilika mfululizo lirudishwe kwenye ajenda ya kikao kama hoja ya kwanza, kabla ya idara kuruhusiwa kueleza mafanikio mapya.