Afrobarometer na Sauti za Wananchi kwa kampeni za Tanga: zinapima nini, zinakosea wapi

Uchaguzi mkuu ukikaribia, timu za kampeni mkoani Tanga huandika ahadi zilezile: bandari, bomba la mafuta la Chongoleani, viwanda vifufuliwe, barabara ya Pangani, bei ya mkonge, zana za uvuvi. Ahadi zenyewe hazina ubaya. Kinachokosekana ni kujua ipi itamtoa mtu nyumbani alfajiri akapange foleni kituoni, na ipi ataipigia makofi mkutanoni kisha akabaki na chama chake kama jana. Kuna huduma mbili za utafiti wa maoni ambazo mtu yeyote mwenye intaneti anaweza kuzitumia bila kulipa: Afrobarometer, mtandao wa utafiti wa maoni barani Afrika, na Sauti za Wananchi, utafiti wa simu wa asasi ya Twaweza. Tumezipima kwa kazi hiyo moja tu, ya kubashiri mwitikio wa wapiga kura wa Tanga kwa ahadi za vyama. Kwa kazi nyingine zinaweza kustahili alama tofauti.

Tuanze na Afrobarometer, ambayo imekuwepo tangu 1999. Katika awamu za karibuni, Tanzania huhojiwa watu 2,400 hivi, uso kwa uso, majumbani kwao. Wadadisi hawachagui nyumba wanayoipenda. Maeneo ya kuhesabia watu huchaguliwa kwa bahati nasibu, kila eneo huhojiwa watu 8, mwanamume na mwanamke kwa kupokezana. Kwa nchi nzima kiwango cha makosa ni kama asilimia 2 juu au chini, na hapo kazi ni safi. Swali lake bora kwa mtu wa kampeni ni lile la wazi linalouliza matatizo makubwa ambayo serikali inapaswa kuyashughulikia. Mhojiwa hasomewi orodha, anataja mwenyewe, na anaruhusiwa kutaja hadi matatu. Kwa sababu hiyo asilimia zake zinapita 100 ukizijumlisha. Ukimwona mtu amechora duara la vipande kwa swali hili, ujue hajaelewa alichokichukua.

Shida inaanza ukishuka kutoka taifa hadi mkoa. Sensa ya 2022 iliipa Tanga watu 2,615,597 kati ya 61,741,120 wa nchi nzima, yaani asilimia 4.2. Katika watu 2,400, fungu la Tanga ni watu 102 hivi, sawa na maeneo 13. Mkoa una halmashauri 11. Kilindi inaweza kupata eneo moja, Pangani isipate hata moja, na Lushoto yenye watu wengi ikapata mawili au matatu. Halafu watu 8 wa eneo moja ni majirani: wanachota maji kisima kimoja, wanatibiwa zahanati moja, mara nyingi wanasali msikiti mmoja. Majibu yao yanafanana. Tukichukua kadirio la kawaida la mfanano huo, 0.1 (0 ni bila mfanano wowote, 1 ni majibu yaleyale), wale watu 102 wanabeba uzito wa watu 60 tu. Kwa hiyo ukisoma kwamba asilimia 60 ya watu wa Tanga wametaja maji, ukweli unaweza kuwa popote kati ya 48 na 72. Ahadi ya kisima Mkinga haiwezi kusimama juu ya namba hiyo.

Hili si kosa la Afrobarometer, maana sampuli yao haikuundwa kwa ajili ya mkoa mmoja. Kosa ni la anayepakua faili, akachuja Tanga peke yake, akaandika taarifa ya kurasa 20. Njia nzuri zaidi ni kuunganisha awamu mbili, au kuacha mkoa na kulinganisha mjini na kijijini, vijana na wazee, wanawake na wanaume kwa nchi nzima, kisha kujiuliza ni kata zipi za Tanga zinafanana na kundi lipi. Anayetaka takwimu ghafi atapata faili la SPSS, programu ya takwimu ya kulipia, ambalo programu za PSPP au R hulifungua bila gharama. Asisahau safu ya uzani, ambayo jina lake huanza na withinwt. Ukipiga hesabu bila uzani, sehemu zilizohojiwa kwa wingi kuliko idadi yao halisi zitavuta jibu upande wao. Ajue pia kwamba takwimu ghafi hazitoki siku moja na taarifa ya kwanza. Zinachelewa, na kampeni haisubiri.

Kuna swali moja mwishoni mwa hojaji ambalo wengi huliruka, nasi tunaliona la thamani kuliko yote: mhojiwa huulizwa anadhani ni nani aliyewatuma wadadisi. Wengi hutaja serikali, hata baada ya kuelezwa vinginevyo mwanzoni. Anayeamini kwamba serikali imempigia hodi hujibu kwa tahadhari. Kabla ya kuamini asilimia ya wanaosema watakipigia chama tawala, wagawe wahojiwa kwa jibu la swali hilo. Pengo kati ya makundi mawili linakuonyesha hofu ipo na imekaa upande gani.

Sauti za Wananchi imejengwa kwa namna nyingine. Kaya 2,000 za Tanzania Bara zilichaguliwa kwa bahati nasibu na kutembelewa, kila moja ikapewa simu na chaja ya sola, kisha zikawa zinapigiwa na kuulizwa. Kwa kugawa simu, utafiti haukuwaacha nje maskini wasio nazo, na hilo ni jambo la kusifiwa. Kasi yake pia haina mfano, maana swali linaweza kuulizwa na kujibiwa na nchi nzima ndani ya wiki chache. Kwa Tanga, hesabu ni ileile ya Afrobarometer: kaya 90 hivi, basi.

Lakini mtihani wake mkubwa ulikuwa 2015, na mtihani huo unafaa kusomwa polepole na kila anayetaka kubashiri kura. Mahojiano ya watu 1,848 yalifanyika Agosti na mwanzoni mwa Septemba. Yalimpa John Magufuli asilimia 65 na Edward Lowassa asilimia 25. Oktoba 25 Tume ya Uchaguzi ilihesabu 58.46 kwa Magufuli na 39.97 kwa Lowassa. Mshindi walimpata. Pengo hawakulipata: walitabiri pointi 40, likawa 18 na nusu. Kwa sampuli ya watu 1,848, bahati mbaya ya kuchagua watu inaweza kukukosesha pointi 2 au 3, haiwezi kukukosesha 15. Na hata asilimia 10 iliyobaki, ya wagombea wengine, wasiojua na wasiosema, ungemmiminia Lowassa yote, angefika 35.

Sababu tunazoziona ni tatu. Mahojiano yaliisha wiki saba kabla ya kura, wakati kampeni zilianza Agosti 22. Watu walikuwa hawajasikia elimu bure ya upande mmoja na ya upande wa pili, wala shilingi milioni 50 kwa kila kijiji za CCM zilikuwa hazijawafikia wote. Pili, mtu aliyepewa simu na shirika haongei na mgeni asiyemjua. Anapopigiwa, anajua kwamba anayepiga anaijua nyumba yake. Kumtaja mpinzani hapo kunahitaji moyo. Tatu, kusema utapiga kura na kupiga kura ni mambo mawili. Mwaka 2010 waliojiandikisha waliojitokeza hawakufika nusu, 2015 walifika kama asilimia 67. Utabiri usiokisia nani atakwenda kituoni umebashiri maoni, haujabashiri uchaguzi.

Kingine ambacho huduma zote mbili hazikifanyi ni kuiuliza ahadi yenyewe. Zinauliza tatizo, zinauliza chama, zinauliza kuridhika. Kati ya "maji ni tatizo" na "nitampigia aliyeahidi maji" kuna bonde refu. Anayetaka kulivuka Tanga lazima afanye utafiti wake mdogo, na huu una gharama.

Kwa jimbo moja, watu 400 wanatosha, ila mgawanyo wao ndio kila kitu. Ukiwahoji 40 katika kila mtaa kwa mitaa 10, kwa mfanano uleule wa 0.1, umepata nguvu ya watu 82 na kosa la pointi 11. Ukiwahoji 10 katika kila mtaa kwa mitaa 40, umepata nguvu ya watu 210 na kosa la pointi 7. Idadi ya fomu ni ileile, ni nauli tu iliyoongezeka. Wadadisi 10, kila mmoja mtaa mmoja kwa siku, wanamaliza kwa siku 4. Msimamizi arudi katika nyumba moja kati ya 10 kuhakikisha mdadisi kweli alifika, maana fomu zilizojazwa chini ya mwembe zipo katika kila utafiti usiosimamiwa.

Swali liandikwe kwa kushindanisha. Ukiuliza, "Je, unaunga mkono bima ya afya kwa wote?", karibu kila mtu atasema ndiyo na hujapata kitu. Uliza hivi: "Chama kimoja kinaahidi bima ya afya ambayo kila kaya italipa mchango kila mwaka. Chama kingine kinaahidi kuongeza dawa na wauguzi katika zahanati zilizopo, bila mchango. Ungependelea ahadi ipi?" Usitaje jina la chama. Katika nusu ya fomu anza na ahadi ya pili, kwa kuwa kinachosikika mwisho hubaki kichwani. Fuatisha swali la imani: "Unaamini itatekelezwa ndani ya miaka mitano?" Hapa ndipo ahadi nyingi za Tanga huanguka. Kufufua viwanda ni ahadi inayopendwa na kila mtu mwenye umri wa kuvikumbuka vikifanya kazi, lakini imerudiwa mno. Ahadi inayopendwa bila kuaminiwa haisogezi kura. Maneno nayo yachungwe. "Miundombinu" ni neno la ofisini. Sema barabara, maji, umeme. "Ajira" kwa wengi ni kazi ya mshahara wa mwezi, kwa hiyo mama anayeuza mihogo Ngamiani atakwambia hana ajira na hapo hapo amechoka kwa kazi.

Kura ya rais, ya mbunge na ya diwani ziulizwe kila moja peke yake. Mwaka 2015, nchi ilipomchagua rais wa CCM, jimbo la Tanga Mjini lilimpa ubunge mgombea wa CUF. Ahadi ya bandari ni ya rais, mtaro wa mtaani ni wa diwani, na wapiga kura wa mjini wanajua hilo vizuri kuliko baadhi ya wanaowaandikia ilani.

Saa na siku zina uzito pia. Wavuvi wa dagaa wa Sahare na Mwambani huwa baharini usiku wa giza, na mbalamwezi ikiwaka hupumzika. Ukipita nyumba hizo mchana siku za giza utamkuta mke, au mvuvi aliyelala, na utafiti wako utasema wanaume wa pwani hawana maoni. Kwenye kambi za mkonge za Muheza na Korogwe, wakataji huanza alfajiri, basi nenda alasiri. Ijumaa kuanzia saa sita mchana usipange kitu mjini. Na kwa hali yoyote mdadisi asiongozwe na balozi wa nyumba kumi, kwa sababu balozi ni kiongozi wa chama, na akisimama mlangoni jibu limeshaharibika. Mwenyekiti wa mtaa naye amechaguliwa kwa tiketi ya chama. Barua ya utambulisho ipelekwe kwa mtendaji, yatosha.

Kupunguza hofu, swali la kura lisijibiwe kwa mdomo. Mpe mhojiwa karatasi isiyo na namba, aweke alama mwenyewe, aikunje, aitumbukize kwenye sanduku lililofungwa. Maswali ya ahadi yachapwe kwenye karatasi hiyohiyo, la sivyo hutaweza kuunganisha ahadi na kura. Unaweza kuwapa nusu ya watu sanduku na nusu nyingine swali la mdomo ili upime hofu, ila kwa watu 200 kila upande, tofauti iliyo chini ya pointi 10 usiitangaze.

Mbinu hizi zinahitaji ushindani wenyewe uwepo. Oktoba 29, 2025 CHADEMA haikuwa kwenye karatasi ya kura. Katika uchaguzi ambao chama kikuu cha upinzani hakimo, huwezi kupima ni ahadi ipi imehamisha kura, kwa sababu mpiga kura hana pa kuihamishia zaidi ya vyama vidogo au kubaki nyumbani. Swali la maana linakuwa nani atakwenda kituoni, na hilo si Afrobarometer wala Sauti za Wananchi iliyoundwa kulijibu kwa ngazi ya jimbo.

Kwa mwandishi wa habari au asasi inayotaka kuelewa hali ya nchi, Afrobarometer tunaipa alama nne kati ya tano. Sauti za Wananchi tunaipa tatu na nusu, kwa kasi yake na kwa kuweka matokeo wazi hata yalipopishana na sanduku la kura. Kwa mgombea wa Tanga anayetafuta ahadi ya kubeba jukwaani, zote mbili hazizidi mbili. Azitumie kuandaa maswali, majibu akayatafute mtaani. Kabla ya kumtuma mdadisi wa kwanza, asome Sheria ya Takwimu ya 2015 na marekebisho yake ya 2018 na 2019, pamoja na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Jina na namba ya simu ya mhojiwa visiandikwe kamwe kwenye karatasi moja na chama alichokitaja.