Delica L400 ya dizeli: gari ya kulala ndani na kupanda nayo kokote

Niseme mapema tu, kama unataka gari ya kulala ndani ambayo pia inaendelea pale lami inapoisha na ile njia ya vumbi nayo inapoisha, kwa gari ndogo sijaona ya kuishinda Mitsubishi Delica L400 ya dizeli, ile iliyotoka Japani mwaka 1994 kwa jina la Space Gear. Yangu ni ile ndefu, nimetoa viti vyote vya nyuma nikajenga kitanda, jiko, tanki la maji na umeme wake, naendesha na kulala humo, na hii gari naipenda kwelikweli.

Kinachoitofautisha ni ile gia ndogo ya pembeni, ya kuchagua tairi zipi zivute. Watu wakisikia van ya fowili, yaani ya kuvuta tairi zote nne, wanadhani zote ni kitu kimoja, hapana. Haisi ya fowili ni gari ngumu, hakuna anayebisha, ila ile inavuta tairi zote muda wote na haina low, yaani haina gia nzito ya kutambaa. Delica imechukua mfumo wa Pajero unaoitwa Super Select. Ukiwa 2H zinavuta tairi za nyuma tu, ukiwa 4H zinavuta zote nne na difu ya kati, ile inayoziacha tairi za mbele na za nyuma zizunguke kwa kasi tofauti, iko huru, kwa hiyo hata kwenye lami yenye mvua unaiacha hapo bila kuumiza kitu, 4HLc difu ya kati inafungwa, halafu 4LLc difu imefungwa na gia inakuwa nzito karibu mara mbili. Kutoka 2H kwenda 4H unabadilisha gari ikiwa inatembea, lakini 4LLc unasimama kabisa, unaweka nyutro, unavuta, unasubiri taa ya dashibodi itulie ndiyo uondoke. Usiilazimishe.

Sasa chukua mteremko wa mawe, umebeba maji na godoro na kila kitu chako. Unaweka 4LLc, gia ya kwanza, mguu unautoa kwenye breki unauweka tu karibu, na gari inashuka yenyewe pole pole, unasikia injini inaishika, maji yanapiga piga tankini nyuma yako, tairi moja linapanda jiwe na lingine linatafuta pa kukanyaga, na kabatini hakuna hata kikombe kilichoanguka. Gari isiyo na low hapo ungekuwa umekanyaga breki mpaka chini, na breki za gari yenye mzigo zikishapata moto zinapoteza nguvu. Ndio maana mimi low naiona ni kitu cha lazima kwenye nyumba ya kutembea, sio cha kujionyesha kwenye matope.

Injini chukua 2.8, ile 4M40. Kuna ya 2.5, 4D56, nayo ni injini nzuri ila kwa mwili huu inalemewa, halafu ile inatumia mkanda wa taimingi wakati 4M40 ina cheni. Usitegemee mbio, gari yenyewe tupu ni kama tani 2 na injini zile za mwanzo ni farasi 125, mlima mrefu utaupanda taratibu na malori mengine yatakupita, yaache yapite. Mafuta yangu yanakaa kwenye kilometa 9 kwa lita barabara nzuri, kwenye njia mbaya inashuka na sishangai.

Ila jamani joto. Hapa ndipo hizi gari zinapokufa. Injini imekaa chini ya viti vya mbele, hewa haipiti kwa wingi, na kuna kitu wengi hawakijui: nyuma kuna hita ya abiria, na maji ya injini yanaenda huko kwa mabomba ya chuma yanayopita chini ya sakafu. Gari za umri huu yale mabomba huliwa na kutu, yanavuja kidogo kidogo huko chini ambako hakuna anayeangalia, kulanti, yaani hayo maji ya kupoza injini, inapungua, na geji ya joto inaweza isikwambie kitu kwa sababu ile sensa inahitaji kuzamishwa kwenye maji ndiyo isome vizuri. Siku geji inapopanda, silinda hedi, kile kichwa cha juu cha injini, imeshapasuka. Kwa hiyo ukinunua, kabla hujafikiria plaiwudi wala mapazia, mwambie fundi ayakate yale mabomba ya nyuma aunganishe mzunguko uishie mbele, kitanda hakihitaji ile hita, halafu funga alamu ya kiwango cha maji kwenye rejeta na sensa ya joto kwenye chuma chenyewe cha hedi. Vitu vidogo sana hivi ukilinganisha na kupoteza injini nzima.

Halafu uzito. Hii gari ni nyembamba, upana kama mita 1.7 na kimo kinakaribia mita 2, sasa ukiipandishia juu kareya la chuma, tairi la spea, madumu na hema, kwenye kona na njia ya kulala upande utajuta. Mimi kila kizito kiko chini: tanki la lita 50, ambalo ni kilo 50 hizo, liko sakafuni nyuma ya kiti cha dereva, betri iko upande wa pili. Plaiwudi ya bichi ya milimita 18 ina kama kilo 12 kwa mita ya mraba, ya milimita 12 ina kama 8, na ya popla, mti mwepesi, unene huohuo haifiki 6, zidisha kwa kabati zote uone mwenyewe tofauti inavyokuwa. Nimetumia popla karibu kote, bichi nimeiweka chini ya kitanda tu pale panapobeba mwili. Nyuma weka springi nzito zaidi na shokapu za maana, mbele ni toshenba, fito za chuma zinazojipinda badala ya springi, kwa hiyo zinakazwa, lakini usizikaze sana eti gari ionekane imeinuka, inakuwa ngumu kama mkokoteni na jointi za shafti zinakaa pembe mbaya zinaisha haraka.

Umeme sitauongelea sana maana kila mtu ana mahitaji yake. Betri ya lithiamu fosfeti ya 100Ah ni kama wati-saa 1,280 na unaweza kuitumia karibu yote, ya asidi ya ukubwa huohuo usiishushe chini ya nusu. Usiunganishe lithiamu moja kwa moja na alteneta, ile inayochaji betri injini ikiwaka, inavuta umeme mwingi mpaka alteneta inaungua, weka chaja kati ya alteneta na betri, na fyuzi kuu iwe jirani kabisa na betri, sio huko mwisho wa waya. Zile Delica za paa la vioo ni nzuri kuangalia nyota, kweli, lakini sola utaweka wapi, na mpira wa vioo ukizeeka maji yanaingia. Mimi nachagua paa la bati.

Kwa sehemu za baridi hita ya dizeli ya kilowati 2 inatosha na kubaki, inakula kati ya lita 0.1 na 0.25 kwa saa na inanyonya kwenye tanki lilelile la gari. Moshi wake lazima utokee nje mbali na madirisha, na alamu ya kaboni monoksaidi iwepo, hilo halina mjadala kabisa. Na acha dirisha wazi kidogo usiku hata kukiwa na baridi, pumzi za watu wawili zinalowesha bati lote na kutu inaanzia nyuma ya ule ubao mzuri uliopiga vanishi.

Malalamiko ninayo. Kusimama wima ndani huwezi, unavaa suruali umekaa. Makelele ya injini yako miguuni kwako na joto lake pia. Kugusa nozeli za kupulizia dizeli inabidi unyanyue viti, kazi ya dakika inakuwa ya nusu siku, na mafundi wengine wakiiona tu wanaanza kuguna.

Ukienda kuangalia moja, iwashe ikiwa baridi kabisa, kama imeshapashwa moto kabla hujafika rudi siku nyingine. Sikiliza cheni isigonge, shika hozipaipu ya juu ya rejeta, ikikakamaa mapema kabla maji hayajapata moto gesi inaingia kwenye maji, hiyo hedi au gasketi. Iingize 4LLc uone taa zinabadilika. Halafu lala chini na tochi ufuate yale mabomba ya hita kutoka mbele mpaka nyuma kwa mkono wako.