Bakteria wa mizizi kwa mahindi: pakiti ipi ununue, ipi uiache dukani

Mvua zikikaribia, maduka ya pembejeo hujaa chupa na pakiti zinazoahidi mizizi mirefu kwa mbolea kidogo. Ndani yake ni bakteria, viumbe hai, kwa hiyo kwanza najiuliza kama watakuwa wangali hai siku ya kupanda.

Namba moja naipa Bacillus, hasa pale duka lilipoezekwa bati na halina friji. Hujifungia ndani ya spora inayovumilia joto na ukavu, kisha huamka ikipata unyevu wa udongo. Kazi yake kubwa ni kuachia fosfati iliyong'ang'aniwa na udongo, na kwenye udongo mwekundu wenye tindikali hilo si jambo dogo. Nitrojeni ni jambo jingine: mbolea ya urea au CAN utaendelea kununua.

Namba mbili ni Azospirillum brasilense, ingawa shambani ndiye bingwa wa nafaka. Brazil humpaka kwenye mbegu za mahindi na ngano, hasa aina za bakteria huyo ziitwazo Ab-V5 na Ab-V6, na watafiti wa huko wanasema kwenye mahindi anaweza kuokoa kama robo ya nitrojeni ya kukuzia. Hutoa auksini, homoni inayofanya mizizi ichipuze vinyweleo vingi, na mmea ukanywa maji na mbolea vizuri zaidi. Tatizo ni kwamba hana spora. Joto na jua humwua. Mnunue akitoka kwenye ubaridi tu, tarehe ya mwisho ikiwa mbali, na lebo ikitaja spishi na idadi ya bakteria hai. Mimi sishuki chini ya milioni 100 kwa mililita. Lebo inayosema "bakteria rafiki" tu, irudishe rafuni.

Pseudomonas fluorescens mchukue kama mizizi yako inasumbuliwa na magonjwa ya kuoza. Naye hana spora.

Mkiani ni Rhizobium, si kwa ubaya wake: hatengenezi vinundu vya kunasa nitrojeni kwenye mizizi ya mahindi. Biofix, pakiti ya Rhizobium ya Kenya, kwa mfano, ni ya mikunde. Ukichanganya mahindi na maharage, paka maharage.

Angalia pia mbegu zako. Chotara nyingi huja na rangi ya waridi au kijani, yaani zimepakwa dawa ya kuvu, ambayo huweza kuua bakteria. Hizo usizipake; bakteria wachanganye na maji yasiyo na klorini, umwagie kwenye shimo. Zisizo na dawa zipake kivulini, uzipande siku hiyohiyo. Mistari michache iache bila kitu, uilinganishe na mingine kabla ya kununua chupa ya pili.