Pampu ya Usukani Inapochoka: Ipi Inunuliwe, Ipi Iachwe Dukani

Pampu ya usukani, ambayo mafundi wengi huiita pampu ya pawa stelingi, hubadilishwa bila sababu mara nyingi mno, na kwa hiyo mwongozo huu unaanza kwa kumzuia mnunuzi kabla ya kumwelekeza dukani. Usukani ukiwa mzito wakati wa kuegesha, au gari likivuma kila linapokata kona, lawama huiangukia pampu papo hapo, ilhali kosa laweza kuwa la mkanda uliolegea, mafuta yaliyopungua au hosi inayoingiza hewa. Magari mengi ya miaka ya karibuni hayana hata pampu hiyo, kwa kuwa usukani wake husaidiwa na mota ya umeme.

Fungua kwanza mfuniko wa kopo la mafuta ya usukani. Mafuta yakiwa na mapovu madogo madogo na rangi iliyopauka, hewa inaingia upande wa kufyonza, yaani kati ya kopo na pampu, mahali ambapo huenda usione tone hata moja likivuja. Niliwahi kununua pampu nzima kwa ajili ya mvumo wa namna hiyo, ikafungwa vizuri, na jioni ile ile mvumo ukarudi kama ulivyokuwa. Iliyohitajika ilikuwa oringi ya bomba la kuingizia mafuta, mpira mwembamba uliokuwa umekauka kiasi kwamba ulikatika nilipoukunja kwa vidole viwili. Angalia pia chujio lililo ndani ya kopo, chini kabisa, kwa sababu likiziba pampu hukosa mafuta na kulia kana kwamba imekufa. Na katika magari ambayo chujio hilo halitoki, hubadilishwa kopo lenyewe.

Pampu imechoka kweli pale ambapo mafuta yamejaa na ni safi, mkanda umekaza, lakini mvumo unapanda pamoja na mwendo wa injini na kuzidi usukani unapokatwa. Dalili nyingine ni usukani kuwa mzito injini inapozunguka polepole, kisha kulainika ukikanyaga mafuta, kwa kuwa vibapa vya ndani vimelika na havijengi tena shinikizo la kutosha. Chovya karatasi nyeupe kwenye mafuta: ukiona chembe za chuma zinazometameta, chuma kinalika ndani ya mfumo, na mara nyingi chanzo ni pampu. Usukani ukiwa mzito upande mmoja tu, ichunguze raki, yaani chombo kinachoyageuza magurudumu usukani unapozungushwa, kabla ya kugusa pampu.

Ikithibitika kwamba pampu ndiyo iliyochoka, chaguo ninaloliweka la kwanza ni pampu mpya kutoka kwa kiwanda kilichomtengenezea mtengenezaji wa gari pampu ya mwanzo, lakini ikiwa ndani ya boksi la kiwanda hicho chenyewe. Kampuni kama KYB, JTEKT na ZF zimewauzia watengenezaji wa magari pampu hizi kwa miaka mingi, na pampu yenye chapa ya gari inaweza kuwa imetoka mikononi mwao. Jenyuini yenye nembo ya gari ni nzuri vilevile, ila sehemu ya bei yake ni nembo, kwa hiyo naipendekeza pale tu ambapo ile ya kwanza haipatikani.

La pili ni pampu iliyofumuliwa na kuundwa upya kiwandani, yenye sili (mipira ya kuzuia mafuta yasivuje) na beringi mpya, iliyopimwa shinikizo na kuuzwa kwa dhamana ya maandishi. Muuzaji hudai mara nyingi pampu yako ya zamani kama sehemu ya malipo, kwa hiyo usiitupe. Uliza pia kama inakuja na puli, yaani gurudumu linalozungushwa na mkanda, maana nyingi huja bila puli, na puli iliyokazwa kwa kushindiliwa huhitaji kifaa maalumu cha kuing'oa na cha kuirudisha. Fundi anayeipiga kwa nyundo anaiharibu pampu ambayo hujaitumia hata siku moja.

Iwapo pampu inavuja kwenye shafti lakini hailii, seti ya sili inatosha, na hapo inayashinda machaguo yote. Pampu iliyotolewa kwenye gari bovu naiweka chini, kwa kuwa hakuna ajuaye ilikaa na mafuta gani. Ukilazimika kuinunua, izungushe shafti kwa mkono, na ikikwama au ikicheza pembeni, irudishe. La mwisho kabisa ni pampu mpya ya bei ya chini mno isiyo na jina wala dhamana, hata kama inang'aa. Kwa chaguo lolote, linganisha namba ya spea na namba ya chesi, kwa sababu pampu mbili zinazofanana kwa umbo zinaweza kutofautiana shinikizo.

Katika hesabu ya ununuzi, tia mafuta mapya ya kutosha kusafishia mfumo mzima, kwa kuwa uchafu wa pampu ya zamani huiua mpya. Fuata aina iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari: baadhi ya magari hutumia mafuta ya giaboksi ya otomatiki, Honda ina mafuta yake, na mengi ya Ulaya hutumia ya kijani. Pampu ikishafungwa, inua magurudumu ya mbele na kuyasimamisha kwenye stendi imara, jaza kopo, kisha ukiwa hujawasha injini zungusha usukani polepole kutoka mwisho hadi mwisho mara 20 hivi, ukiongeza mafuta kadiri yanavyoshuka. Baada ya kuwasha, usiushikilie usukani mwishoni kwa zaidi ya sekunde 5, na uendelee kuuzungusha hadi mapovu yaishe koponi.