Kliniki ya chanjo za safari hapa Dar, nawapa nyota tano zote

Jamani hawa watu wanajua kazi yao, nimempeleka mama anaenda Hija kachomwa ile ya meninjaitisi (homa ya uti wa mgongo), nesi kasisitiza kabisa lazima zipite siku 10 kabla hajaingia Saudia kwa hiyo msisubiri wiki ya safari. Mimi naenda Kongo nikachoma ya homa ya manjano, nayo kadi yake ya chanjo inaanza kazi baada ya siku 10 ila ukishaipata ni ya maisha, tangu 2016 hakuna tena kurudia kila miaka 10. Kilichonigusa zaidi kabla ya kukuchoma hiyo ya homa ya manjano wanakuuliza kwanza kama inaweza kukuletea shida: una mimba, una mzio wa mayai, umri umefika 60, kuna sehemu nyingine wanagonga muhuri tu kwenye kadi bila kuuliza aisee!! Asubuhi foleni ndefu, na pasipoti msisahau.