Kununua simu yenye IPv6: ipi uanze nayo, ipi uiache dukani

Wengi tukiingia dukani tunauliza kamera, chaji na ram, basi. Mimi pia nilikuwa hivyo hivyo mpaka nikachoka kila nikifungua tovuti naambiwa nithibitishe sio roboti. Shida ni anwani, yaani namba inayotambulisha kifaa kwenye intaneti, zile za zamani za IPv4 ziko kama bilioni 4.3 tu kwa dunia nzima na mafungu ya mwisho ya akiba yaligawiwa Februari 2011, kwa hiyo mitandao mingi inarundika wateja kibao kwenye anwani moja, mmoja akifanya fujo mnafungiwa wote. Kwenye IPv6, mfumo mpya wa anwani, simu yako inapata anwani yake.

Ila jueni kabisa, laini ndo inaamua. Simu ya milioni mbili kwenye laini isiyo na IPv6 haikusaidii kitu, kwa hiyo nenda dukani na laini yako mfukoni.

Namba moja naipa Android ya 4G au 5G, iwe Pixel, Samsung, Tecno au Infinix, mradi menyu ya APN, ile mipangilio ya kuunganisha data ya laini, inafunguka. Humo ndani kuna sehemu ya protokali, ukikuta imekaa IPv4 peke yake weka IPv4/IPv6, sevu, zima data uwashe tena. Simu nyingine sehemu hiyo inaonekana lakini haibadiliki, hiyo mrudishie muuzaji. Na usiogope kwamba programu za zamani zitagoma, tangu Android 4.3 ya 2013 kuna kitu kinaitwa 464XLAT kinachozibeba hata kwenye mtandao wa IPv6 tupu, T-Mobile ya Marekani wanaendesha wateja wao hivyo.

Namba mbili iPhone. Tangu Juni 2016 Apple wanalazimisha kila programu mpya ifanye kazi kwenye IPv6 tupu, hapo nawapa heko. Kilichoishusha ni kwamba huchagui protokali mwenyewe, mpangilio unakuja na faili la mtandao wako, wasipoweka ndo imetoka hiyo.

Namba tatu mifi, kile kirauta kidogo cha kuweka laini, na hapa niliumia mwenyewe. Laini ile ile kwenye simu inapata IPv6, nikiiweka kwenye mifi hakuna, nikapekua menyu yote hata sehemu ya kuwasha haipo, na hela nishalipa. Kama unachotaka ni intaneti ya laptop tumia hotspoti ya simu, maana kawaida mtandao unaipa simu fungu zima la anwani na laptop inapata yake humo humo.

Za mwisho ni vitochi na smatifoni za 3G tu. Kupiga na kutuma pesa sawa, kwa hili usinunue.

Sasa kupima. Zima wifi ya duka (hii watu wanasahau sana halafu wanapima mtandao wa muuzaji), washa data, fungua test-ipv6.com. Kwenye Android angalia pia Kuhusu simu, anwani inayoanza na fe80 usiihesabu, hiyo haitoki nje ya simu na mtandao wake wa karibu. Ikianza na 2c0f hapo sawa, hilo ni fungu la AFRINIC wanaogawa anwani za Afrika. Ukiona anwani inayoanza na 10 au 100.64 peke yake ujue bado mnachangia anwani moja na wengine.

Muuzaji akikukataza kuweka laini yako kupima, vuka barabara uingie duka lingine.