Unanunua Leaf ya mtumba? Anza na betri

Mwaka jana nilienda yadi moja kando ya Barabara ya Ngong kutazama Nissan Leaf nyeupe, gari la umeme. Muuzaji akaiwasha, dashibodi ikaandika kilomita 142. "Unaona mkubwa, hiyo chaji unazunguka nayo wiki nzima." Nikawasha AC, ikashuka hadi 127. Tukaingia Southern Bypass, tukakanyaga kidogo, na baada ya kilomita kumi tu ikasoma 103. Namba hiyo gari hukisia kutokana na lilivyoendeshwa majuzi, na gari la yadi huendeshwa taratibu kutoka kona hii hadi ile.

Habari yenyewe ilikuwa pembeni: vijiti vya dashibodi vinavyoonyesha afya ya betri vilikuwa tisa badala ya 12. Kijiti cha kwanza huzimika betri ikipoteza kama 15% ya uwezo wake, na kila kinachofuata ni kama 6%. Vijiti tisa maana yake imebaki 70% hivi.

Ukiona tangazo limenukuu umbali kwa kipimo cha Kijapani cha JC08, toa sehemu nne kati ya kumi. Leaf ya 40 kWh (kWh ni kipimo cha ukubwa wa betri) iliandikwa kilomita 400 Japani. Wamarekani waliipima wakapata 243. Ya 30 kWh ni 280 kwa 172. Mimi huamini ya Marekani.

Kwa wengi wetu wa Nairobi, naweka Leaf ya 40 kWh mbele. Ilianza kutoka mwishoni mwa 2017, na hata ikibaki na afya ya 85% bado inakupa kilomita 200. Anayeshinda mjini na kulala Thika anaenda, anarudi, na nusu ya chaji inabaki. Ubaya wake ni kwamba betri haina mfumo wa kuipoza. Ukiichaji kwa kasi mara mbili katika safari moja, ya pili inajikokota. Halafu tundu lake la chaji ya kasi ni la aina ya Kijapani, CHAdeMO, wakati magari mapya mengi yanakuja na tundu la aina nyingine, CCS2, kwa hiyo uliza vituo vya njia yako kabla ya kulipa.

Wa Mombasa asidanganyike kuwa ataipandisha Nairobi kirahisi. Zaidi ya umbali wa kilomita 480, kuna kupanda mita 1,600 na ushee. Kuinua gari la tani 1.8 hadi huko hula kama 8 kWh peke yake, sehemu moja ya tano ya betri, kabla hujahesabu upepo na matairi. Ukishuka, sehemu yake hurudi.

Ukiwa na pesa zaidi, chukua ya Kichina: BYD Dolphin au BYD Atto 3. Betri zake ni za LFP (lithiamu na fosfeti ya chuma), zinavumilia kujazwa hadi 100% kila mara, na zinapozwa. Atto 3 ya 60.5 kWh imeandikwa kilomita 420 kwa WLTP, kipimo kinachotumika Ulaya. Barabara kuu mimi ningepanga 320. Kwa mkazi wa Pwani hii ndiyo namba moja, maana joto la kule na betri isiyopozwa havipatani.

Leaf ya 62 kWh (2019 kuendelea) nimeiweka ya tatu kwa sababu ya bei tu. Kama Nakuru unaenda kila wiki, ipandishe.

Ya 30 kWh ni ya nne. Kompyuta za baadhi yake zilikuwa zikisoma afya ya betri vibaya, na mwaka 2018 Nissan ikatoa marekebisho ya programu. Uliza kama yalifanywa.

Ya 24 kWh inashika mkia. Ikiwa mpya ilikwenda kilomita 117; ile ya yadi ya vijiti tisa ingefika 80. Ni gari la shule na sokoni.

Nenda yadi na kifaa cha OBD, kinachochomekwa kwenye gari kusoma kompyuta yake, na programu ya LeafSpy kwenye simu, inayokuonyesha afya ya betri. Ya 40 kWh ikisoma chini ya 80%, shusha bei au aga. Lakini wapo wanaofuta kumbukumbu za kompyuta ya betri, vijiti vikarudi 12 kwa muda. Kwa hiyo omba ijazwe, uendeshe kilomita 30 za kawaida. Ya 40 kWh iliyo nzima hula kama 12%. Ikila 18%, usiulize tena.

Yule muuzaji nilipomwonyesha vijiti, aliniambia ni urembo wa dashibodi tu. Nikarudi nyumbani kwa matatu.